Kanyama Chiume: Aliyesema Kweli Hakuwa Msaliti

Kila ifikapo tarehe 14 Mei, nchi ya Malawi huadhimisha Siku ya Kamuzu. Humkumbuka mwasisi wa taifa, Dk. Hastings Kamuzu Banda, aliyefariki mwaka 1997 na kujengewa kaburi la fahari mjini Lilongwe. Hapana ubaya taifa kumkumbuka mwasisi wake. Ubaya umo katika hadithi inayofuatana na sifa hizo, ambayo imevuka mipaka na kupata wasikilizaji hata miongoni mwa wasomi wa Tanzania: kwamba mawaziri waliomkabili Dk. Banda mwaka 1964 walikuwa vijana wenye uchu wa madaraka, vibaraka wa dola ya kigeni, na kwamba kufukuzwa kwao kuliiletea nchi utulivu wa miaka thelathini.

Hadithi hiyo ni ya uongo. Tena ni uongo wenye kazi maalumu, maana humfundisha mtumishi wa umma kwamba uaminifu kwa nchi ni kitu kimoja na uaminifu kwa mtu. Ili kuukanusha yafaa kuyatazama maisha ya mmoja wa wale walioitwa wasaliti: Murray William Kanyama Chiume, mwalimu, waziri, na kisha mwandishi wa habari uhamishoni.

Chiume alizaliwa mwaka 1929 huko Usisya, kando ya Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nkhata Bay. Angali mtoto alichukuliwa na mjomba wake kuja Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam na Tabora, kisha akaenda Makerere kusomea ualimu. Kiswahili alikijua kama mwenyeji, na baadaye alikiandikia vitabu, kimojawapo kikiwa Dunia Ngumu. Basi hata kabla hajawa mwanasiasa alikwisha kuwa mhamiaji, na mipaka iliyochorwa na mabeberu haikuwa na maana kubwa kwake.

Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 26, alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Nyasaland pamoja na Henry Chipembere na Waafrika wengine watatu. Wakoloni walidhani wamepata wajumbe wa kuitikia. Badala yake vijana wale wawili waliuliza maswali makali juu ya ardhi, juu ya mishahara, na juu ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ambalo Waafrika walilipinga tangu lilipoundwa mwaka 1953. Kumbukumbu za mijadala ya Baraza, ambazo hapo awali hazikuwa na msomaji, zikaanza kununuliwa na Waafrika kwa wingi. Huo ulikuwa uandishi wa habari wa kwanza wa Chiume: kuyafanya maneno ya barazani yamfikie mwananchi.

Tarehe 3 Machi 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Dk. Banda na wafuasi wengi wa Congress wakakamatwa, na Waafrika wapatao 50 wakauawa katika machafuko ya siku zile. Chiume alikuwa nje ya nchi, akanusurika. Alikwenda London, akaieleza dunia yaliyokuwa yakitendeka Nyasaland. Katika mwaka huo huo tume ya Jaji Devlin, iliyoundwa na Waingereza wenyewe, ilikiri kwamba Nyasaland, ingawa kwa kitambo tu, ilikuwa nchi ya kipolisi.

Hapa haki yataka kosa la Chiume nalo lisemwe. Yeye na wenzake ndio waliomwalika Dk. Banda arudi nyumbani mwaka 1958. Waliamua kwamba vijana peke yao hawatasikilizwa, na kwamba umma wahitaji mzee wa kutukuzwa kama mkombozi. Chiume, aliyekuwa katibu mwenezi wa chama, aliitia kazi hiyo nguvu zake zote. Walimjenga mtu mmoja mpaka akawa mkubwa kuliko chama, mkubwa kuliko baraza la mawaziri, na mwisho mkubwa kuliko sheria. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wao walikichimba kwa nia njema, lakini nia njema haikupunguza kina chake.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Chiume, aliyekuwa amekwisha kuongoza wizara ya elimu, alikuwa sasa Waziri wa Mambo ya Nje. Haukupita muda mawaziri walimwendea Dk. Banda na madai yao, na ni madai hayo yanayopaswa kuchunguzwa na kila anayewaita wasaliti. Walipinga ada ya peni tatu iliyowekwa juu ya wagonjwa waendao hospitali za serikali. Walipinga mapendekezo ya tume ya Skinner, ambayo yaliwapunguzia neema watumishi wa serikali wa Kiafrika siku zile zile walizotazamia kuona matunda ya uhuru. Walilalamikia Wazungu kuendelea kushika vyeo vikubwa serikalini. Walichukizwa na urafiki wa Dk. Banda na Wareno, waliokuwa wakiikalia Msumbiji kwa bunduki. Walitaka pia baraza la mawaziri liwe baraza kweli, wala lisiwe darasa la watoto mbele ya mwalimu mkali.

Je, uchu wa madaraka uko wapi hapo? Mwenye uchu wa madaraka huubusu mkono unaompa madaraka. Hahatarishi wizara, nyumba na gari kwa ajili ya peni tatu za mgonjwa wa kijijini. Shutuma ya kununuliwa na China nayo haina uzito. Mawaziri walitaka Malawi iwe na uhusiano na China na kupokea msaada wake. Tanzania ilifanya hivyo hivyo, ikapata Reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na hakuna Mtanzania aliyegeuka kuwa kibaraka wa Peking kwa kupanda garimoshi.

Tarehe 7 Septemba 1964 Dk. Banda aliwafukuza Chiume, Orton Chirwa na Augustine Bwanausi. Yatuta Chisiza na Willie Chokani wakajiuzulu, na Chipembere, aliyekuwa safarini, akawafuata. Bungeni wabunge walishindana kumsifu kiongozi na kuwatukana waliokuwa viongozi wao juzi. Hapakuhitajika jeshi. Utukuzaji ambao Chiume mwenyewe alikuwa ameueneza ulitosha kumwangamiza.

Alikimbilia Tanzania. Waziri wa jana akawa mkimbizi, na mkimbizi akawa mwandishi. Kalamu yake ilionekana katika magazeti ya Dar es Salaam, na mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake, Kwacha. Wako watu waliouliza wakati ule, na wangali wanauliza kila mgeni anapotia neno katika mambo ya umma, kwamba mhamiaji ana haki gani ya kusema. Jibu ni la kale: mgeni njoo, mwenyeji apone. Malawi ilifungua ubalozi na makaburu mwaka 1967, ikampokea Vorster mwaka 1970, na Dk. Banda akaizuru Afrika Kusini mwaka 1971. Dar es Salaam nayo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Katika hali hiyo, mtu aliyekuwa ameketi katika baraza la Dk. Banda alikuwa na jambo la kuwaambia Watanzania, na kumnyamazisha kungekuwa kujiziba masikio.

Wapo wasemao kwamba Chiume na wenzake wangalikaa kimya wangaliweza kurekebisha mambo wakiwa ndani. Historia imewajibu wenye hoja hiyo kwa ukatili. Dick Matenje alikaa ndani. Aaron Gadama na Twaibu Sangala walikaa ndani wakawa mawaziri, na David Chiwanga alikaa ndani akawa mbunge. Mwezi Mei 1983 wote wanne walikufa huko Mwanza, wilaya iliyo mpakani na Msumbiji, na taifa likaambiwa ni ajali ya gari. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa mwaka 1995 kwamba waliuawa na polisi. Mahakama ilimwachia Dk. Banda katika mashtaka yaliyofuata, lakini hakuna anayethubutu tena kusema ni ajali. Basi huo ndio utulivu unaosifiwa: aliyesema aliwindwa, na aliyetii hakusalimika.

Waliokimbia nao waliandamwa. Orton Chirwa na mkewe Vera walikamatwa mwaka 1981 katika mazingira ya utekaji kwenye mpaka wa Zambia, wakahukumiwa kifo, kisha wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Chirwa alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Attati Mpakati aliuawa Harare mwaka 1983. Mwandishi wa habari Mkwapatira Mhango aliuawa kwa bomu la moto nyumbani kwake Lusaka mwaka 1989. Kwa mhamiaji wa Malawi, kuandika hakukuwa starehe ya mezani.

Walimu wana sababu ya pekee ya kuikumbuka habari hii. Mwaka 1968 lugha ya Kitumbuka ya kaskazini iliondolewa redioni na mashuleni. Mwaka 1989 walimu waliotoka kaskazini waliamriwa kuacha shule za mikoa mingine na kurudi kufundisha kwao, wakishutumiwa kwamba wanahujumu elimu. Hakuna mwalimu aliyeulizwa. Hakuna waziri aliyepinga hadharani, kwa kuwa fundisho la 1964 lilikuwa limewaingia wote.

Ni kweli kwamba harakati za uhamishoni ziligawanyika vikundi vikundi, na Chiume hakuwa na kinga dhidi ya magomvi hayo. Ni kweli pia kwamba mabadiliko yaliletwa hasa na waliokuwa ndani: maaskofu wa Kikatoliki na waraka wao wa Machi 1992, wafanyakazi waliogoma, na wananchi waliopiga kura ya maoni tarehe 14 Juni 1993 wakaukataa utawala wa chama kimoja. Lakini waraka ule ulihoji mambo yenye nasaba na yale yaliyohojiwa na mawaziri mwaka 1964: elimu, matibabu, malipo ya mnyonge, na uhuru wa kusema. Chiume alirejea Malawi mwaka 1994, baada ya miaka thelathini, na alifariki New York mwaka 2007.

Maisha yake yana maonyo mawili kwa anayekula mshahara wa umma. Mwenezi wa chama, mwandishi wa gazeti na mwalimu wa darasani, kila mmoja katika nafasi yake, wasimtukuze mtu hata wakajivua haki ya kumkosoa, kwa maana haki hiyo ikivuliwa hairudishwi kwa kuombwa. Tena asiitwe msaliti mtu aliyemtetea mgonjwa, mtumishi na jirani anayepigania uhuru wake.

Mwalimu anayefundisha historia ya ukombozi huwapeleka wanafunzi mpaka siku bendera ilipopandishwa, kisha hufunga kitabu. Kwa Malawi, aendelee kwa siku 63 zaidi, mpaka tarehe 7 Septemba 1964, awaeleze waliofukuzwa ni akina nani na walidai nini. Wanafunzi wakiisha kuzijua peni tatu za mgonjwa, wataamua wenyewe ni nani aliyeusaliti uhuru.