Kiajemi si Mtoto wa Kiarabu

Mtu akiona gazeti la Tehran, macho yake yakikutana tu na alifu na be, hukumu inatoka papo hapo: hiki ni Kiarabu, au basi ni Kiarabu cha kule kwao. Hukumu hiyo utaisikia hata kwa watu waliosoma. Ni ya kupingwa bila simile, kwa sababu kwa kipimo hichohicho Kiswahili nacho kimenyang'anywa ukoo wake mara nyingi.

Hati haizai lugha. Wamalta husema lugha iliyotokana na Kiarabu na huiandika kwa herufi za Kilatini. Watajiki husema Kiajemi na hukiandika kwa herufi kama za Kirusi. Kiajemi cha kale kilichongwa kwenye mwamba wa Behistun kwa amri ya mfalme Dario, karibu mwaka 520 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 1,000 kabla Waarabu hawajaingia Uajemi na hati yao. Hati hiyo ilipopokewa, ilibidi iongezewe herufi nne, kwa sauti za p, ch, g na zh.

Tuingie kwenye sarufi, maana huko ndiko ukweli uliko. Mwarabu ana kitab. Vikiwa viwili ni kitabani, vikizidi ni kutub. Konsonanti k, t, b hazikuondoka, irabu ndizo zilizobadilishwa ndani ya neno, na kwa utaratibu huohuo hupatikana kataba, aliandika, na katib, mwandishi. Huo ndio uti wa mgongo wa Kiarabu. Mwajemi alilichukua neno hilo akalitamka ketab, na wingi wake wa kawaida ni ketabha: kapachika kiambishi chake mwishoni, ndani hakugusa kitu. Umbo la viwili hana. Mswahili naye aliisikia ile ki- akaiingiza kwenye ngeli zake, akasema vitabu. Neno ni moja, sarufi ni tatu.

Kiarabu hutenganisha huwa wa kiume na hiya wa kike, na kitenzi hufuata tofauti hiyo. Mwajemi ana u kwa wote, kama sisi na yeye (na kufanana huko hakumfanyi Mbantu). Kiarabu fasaha hupenda kutanguliza kitenzi. Kiajemi hukiweka mwisho: man ketab khandam, mimi kitabu nilisoma. Akitaka kutumia fikr ya Kiarabu kama kitenzi, Mwajemi huiunga na kardan yake, yaani kufanya, akapata fekr kardan. Sisi tuliivisha ku-, kisha tukainyumbulisha tupendavyo: kufikiria, kufikirika, kufikirisha. Na Mwajemi akimtaja mama na ndugu yake husema madar na baradar, maneno ya ukoo mmoja na mater na frater ya Kilatini.

Najua jibu litakalokuja: na hayo maelfu ya maneno ya Kiarabu? Yapo, na mengine yaliingia pamoja na wingi wake wa Kiarabu, kama olama. Kiingereza nacho kimebeba maelfu ya maneno ya Kifaransa, na bado ni ndugu wa Kijerumani. Mkopo ni mkopo. Sibawayh, aliyeandika kitabu kikuu cha kwanza cha sarufi ya Kiarabu katika karne ya 8, alikuwa Mwajemi aliyesomea Basra, Kiarabu alijifunza.

Walimu wa Kiswahili, mwanafunzi akiambiwa kwamba lugha yake ni Kiarabu kwa kuwa ina sala, saa na kitabu, msimwache abishane kwa maneno. Mwandikieni ubaoni kitenzi kimoja, hawajaniandikia, mkichambue pamoja naye kiungo kwa kiungo, kuanzia ha- hadi -ia. Cha Kiarabu hakimo hata kimoja.