Kikoba kinalindwa na aibu, na wakopeshaji wa simu wameligundua hilo

Kila mwaka Desemba ikikaribia, simu zinazoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Bei ya mbolea na ubovu wa barabara huwekwa kando kidogo, watu wakaanza kuuliza habari za kuvunja kikoba: gawio linatoka lini, mwenzetu hajarejesha tumfanyeje, mweka hazina amesafiri na ufunguo.

Safari hii limeingia swali la aina nyingine. Mama mmoja alitueleza kwa sauti ya chini kwamba alikopa kwenye programu ya simu ili amalizie deni la kikoba kabla ya siku ya kugawana, asije akasomwa jina mbele ya wenzake. Alipochelewa kulipa ule mkopo wa simu kwa siku tatu tu, ujumbe ulikwenda kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto wake, na kwa fundi aliyewahi kumtengenezea cherehani. Wote waliambiwa kuwa yeye ni tapeli.

Dakika 20 za hewani hazikututosha, ndiyo maana tunaandika.

Tumezoea kusikia, hasa kutoka kwa watu wa mjini wanaovaa tai, kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kuweka akiba. Sisi hatukubaliani nao. Nenda kijiji chochote Jumamosi alasiri, utakuta kina mama wamekaa chini ya mwembe, sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Hisa zinanunuliwa, zinaandikwa, aliyechelewa anapigwa faini, na mfuko wa jamii unatengwa kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Hakuna hati ya nyumba wala wakili. Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, na kwa sehemu kubwa anarejesha.

Anarejesha kwa sababu atakutana nao kisimani kesho. Mtoto wake akiugua usiku, ni hao hao watakaombeba. Dhamana ya kikoba ni aibu, na aibu hiyo ina thamani ya fedha kabisa, kwani inamwezesha mtu asiye na shamba lenye hati kupata mtaji ambao benki isingempa.

Mfumo wenyewe haukuanzia kwetu. Mbinu ya kuweka na kukopa iliyozaa VICOBA ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na ikatufikia miaka kama kumi baadaye. Ilishika haraka kwa sababu ilikuta upatu, ilikuta vyama vya kufa na kuzikana, na kule Upareni ilikuta msaragambo. Watu walikuwa tayari wamezoea kutoa leo kwa kuamini kwamba kesho zamu yao itafika. Hata Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipounda vyama vya mikopo vya wakulima miaka ya 1860, alivifunga ndani ya eneo dogo ambamo watu wanajuana, na wanachama wote wakabeba dhamana ya madeni kwa pamoja. Benki za ushirika zilizokua kutoka hapo ni nguzo ya uchumi wa nchi ile mpaka leo.

Kwetu pia ushirika ulikuwa nguzo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Kisha mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kazi yao wakapewa mamlaka za mazao. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, majengo yalikuwepo na mizani ilikuwepo, ila ile hali ya mkulima kusema “chama changu” haikurudi yote. Wazee wetu wengi bado wanaongea na AMCOS kama mtu anayeongea na ofisi ya serikali. Imani ya watu haifufuki kwa tangazo la gazeti la serikali.

Majirani zetu wa Kenya wana utamaduni wa chama na SACCO uliokomaa kuliko wetu. Hata hivyo, ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa SACCO za huko, ulionyesha upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya. Mwanachama wa SACCO ya walimu au ya wakulima wa chai hakuwa na namna ya kumtazama usoni mtu aliyeshika kalamu kule juu. Fedha ikishapanda ngazi mbili tatu, macho ya jirani hayafiki tena, na hapo panahitajika mkaguzi mwenye meno.

Sasa turudi kwa wale wa simu. Mikopo ya kausha damu imeiba dhamana yetu na kuigeuza silaha. Unapopakua programu yao, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako. Wengi tunabonyeza “kubali” bila kusoma. Kuanzia hapo mkopeshaji asiyekujua, ambaye hatakuja kukuzika, anayo orodha ya watu wote ambao unaogopa kuaibika mbele yao. Aibu ya kikoba ina mlango wa kutokea: unaomba radhi, unaongezewa wiki mbili, faini inabaki ndani ya kikundi. Hii ya simu haina kikao.

Na tusijidanganye kuhusu riba. Vipo vikoba vinavyotoza asilimia 10 kwa mwezi, na hiyo si ndogo. Tofauti ni kwamba mwisho wa mwaka riba hiyo inagawanywa kwa wanachama hao hao. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 100,000 hiyo ni riba ya shilingi 3,500. Ukiambiwa urudishe 125,000 baada ya wiki mbili, hesabu unaiona mwenyewe.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Jambo jema, ila programu hubadilisha jina haraka kuliko kinyonga rangi. Tunaona njia ya pili haijatumika vya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kulalamika taarifa zake zinapotumiwa vibaya, na ipo tume ya kupokea malalamiko hayo. Kutuma deni la mtu kwa mkwewe si ukusanyaji wa madeni.

Lipo pia la kwetu wenyewe, na tunajua halitapendwa. Yule mama hakukimbilia programu kwa kukosa chakula. Alikimbilia kwa sababu mwezi uliotangulia alikuwa ametoa michango ya harusi tatu, na kila kadi ilikuwa na kiwango chake. Kikundi kinachomkopesha mtu alime vitunguu, halafu wanachama wale wale wakamdai kiasi kile kile cha sherehe, kinajimeza chenyewe.

Vikundi ambavyo havijajisajili halmashauri chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 vimetuuliza vifanyeje. Alhamisi tutakuwa studio na afisa maendeleo ya jamii. Njooni na katiba zenu, na kama mmetumiwa ujumbe wa kudhalilishwa, msiufute.