MASHINE YA VIFARANGA: TUIONE IKIFANYA KAZI KWANZA

Ndugu wanaushirika,

Linasemwa jambo la kununua mashine ya kutotoleshea vifaranga, iliyokwisha tumika, ya mayai 5,000. Eti bei rahisi. Mimi nasema tusikimbilie, maana hizo ni hisa zetu sote.

Kwanza, mayai. Yai la kutotolesha lisipite siku 7 tangu litagwe, tena kuku awe na jogoo. Kuku akitaga mayai 3 kwa wiki, mashine hiyo inataka mitetea kama 1,700. Hivi, tunayo?

Pili, joto. Yai hukaa siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Kidhibiti joto kikiwa kibovu, au umeme ukikatika muda mrefu na jenereta hatuna, vifaranga wanafia ndani ya mayai.

Tatu, muuzaji aiwashe tupu siku mbili mbele yetu, tupime kwa kipimajoto chetu juu, chini na pembeni. Akikataa, tumwache aende zake.

Maendeleo tunayataka, lakini rahisi ghali. Tuanze na ndogo ya mayai 500; mitetea 170 tukijumlisha nyumba zote haitushindi. Mkutano ukiitwa njooni mseme, si kunung'unika kilabuni.

Katibu wa Tawi