Macho ya Tabibu Yabaki kwa Mgonjwa



Tunaposimulia mfano wa Msamaria mwema, twapenda kukumbuka jinsi alivyomhurumia majeruhi, akamfunga vidonda na kumpandisha juu ya mnyama wake. Mara nyingi twasahau jambo la mwisho: hakumtupa mlangoni pa nyumba ya wageni. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Kumtunza mgonjwa ni pamoja na kumkabidhi vema kwa yule atakayemhudumia baada yako. Ndiyo maana sisi wa Tume ya Haki na Amani twasema kwamba kumbukumbu za mgonjwa, hata zikihifadhiwa ndani ya kompyuta, ni suala la haki, wala si shughuli ya mafundi peke yao.

Mkoa wetu wa Njombe ni mkoa wa watu wanaosafiri. Makambako ni njia panda ambapo barabara kuu iendayo Zambia, barabara ya Songea na reli ya TAZARA hukutana. Vibarua wa mashamba ya chai na wa misitu huhama wakifuata kazi. Mgonjwa aweza kuanza matibabu katika zahanati ya kijiji, akapewa rufaa kwenda Kibena, na mwishowe akafika hospitali ya misheni ya Ikonda, huko Makete. Kila afikapo huulizwa upya: Ulipimwa nini? Unatumia dawa gani? Asipokuwa na daftari lake, vipimo hurudiwa, na fedha ya mahindi au viazi huisha kwa kulipia jibu lililokwisha kupatikana kwingine. Tena utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wa Njombe wenye umri wa miaka 15 na zaidi walikuwa wanaishi na VVU, kiwango kilichozidi cha mikoa mingine yote. Dawa za kufubaza virusi humezwa maisha yote. Kumbukumbu zikikatika njiani, tiba nayo yaweza kukatika.

Kwa hiyo hatupingi kompyuta. Serikali kupitia TAMISEMI imeeneza mfumo wa GoT-HoMIS katika vituo vya halmashauri, unaounganisha usajili, malipo, maabara, dawa na maelezo ya tabibu. Nia yake ni njema. Lakini hatuna budi kujiuliza: chombo cha namna hii kinapofika mezani pa tabibu, humsaidia kumhudumia mgonjwa, au humgeuza kuwa karani?

Sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kungojea twajua jinsi mambo yanavyoweza kuwa. Tabibu huuliza swali huku vidole vyake vikitafuta herufi. Ukurasa hukataa kusonga mbele mpaka kila nafasi ijazwe, hata isiyomhusu mgonjwa huyo. Mtandao ukilegea au umeme ukikatika, kazi husimama. Kisha habari zile zile huandikwa tena katika vitabu vya MTUHA, vilivyoanza kutumika nchini miaka ya 1990, na pengine tena kwa ajili ya bima au kliniki ya VVU. Jambo moja huandikwa mara mbili au tatu, nayo foleni nje huzidi kurefuka. Mama aliyekuja na siri nzito moyoni humwona tabibu akitazama kioo, naye huondoka nayo.

Tusimlaumu tabibu upesi. Chombo kigumu huzaa njia za mkato. Mtu aliyeelemewa atachagua ugonjwa wa kwanza katika orodha ili ukurasa ufunguke. Watumishi watatumia neno moja la siri ili wasipoteze muda wa kuingia na kutoka. Hapo kumbukumbu zitakuwa nyingi lakini za uongo, na siri ya mgonjwa itakuwa wazi kwa wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazipa habari za afya ulinzi wa pekee. Hata hivyo, sheria njema haiwezi kusimama juu ya chombo kinachomsukuma mtumishi kuivunja.

Wenzetu wa Kenya walitutangulia katika jambo hili. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta. Tabibu aliendelea kujaza fomu fupi ya karatasi, na karani akaiingiza habari mgonjwa alipokuwa anaondoka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Lakini muda aliokaa na wahudumu ulipungua kwa asilimia 58, nao watumishi walipata muda zaidi wa mambo yao binafsi. Hapa pana funzo kubwa. Kompyuta yaweza kuokoa muda, lakini haiamui muda huo uende kwa nani. Uamuzi huo ni wetu sisi wanadamu.

Wapo wasemao kwamba mafunzo yatatosha na kwamba watumishi watazoea. Mafunzo ni ya lazima, lakini jembe lenye mpini uliopinda halinyooki kwa kumfundisha mkulima. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alionya kuwa ufundi ulio rafiki wa mtu waweza kugeuka kuwa adui yake. Nayo kanuni ya auni yatufundisha kwamba walio karibu na kazi wasinyang'anywe sauti juu ya kazi hiyo. Muuguzi wa zahanati ajua ni swali gani halina maana. Aulizwe kabla ya mfumo kutengenezwa, na asikilizwe baada ya kuutumia.

Kwa hiyo twawasihi walei wenzetu walio katika kamati za usimamizi wa vituo na bodi za afya za halmashauri, pamoja na viongozi wa hospitali zetu za Kanisa, wadai mambo manne. Kwanza, habari iandikwe mara moja na kutumika kila inapohitajika. Pili, kazi iweze kuendelea umeme na mtandao vinapokosekana. Tatu, kila mtumishi awe na neno lake la siri, na kuingia kuwe kwepesi. Nne, muda unaookolewa urudishwe kwa mgonjwa.

Kwa tafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Tulipokwenda kutibiwa mara ya mwisho, je, tulisikilizwa?
2. Ni nani anayetuwakilisha katika kamati ya kituo chetu, na tumemtuma aseme nini?
3. Je, tumewahi kumwuliza tabibu wetu ni mzigo gani unaomchosha?

Tumsifu Yesu Kristo.