Primi haiwezi kushika nafasi ya mshahara

Wakaaji wa Beni na Butembo hawajasahau wakati wa Ebola. Tangu ugonjwa ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, timu za riposti zilikuwa zinalipa primi kwa dola. Muuguzi aliyetumika miezi mingi bila mshahara wa serikali aliona hapo njia ya kulipia watoto masomo. Wengi waliacha vituo vyao vya afya, wakaenda riposti. Nani anaweza kuwalaumu?

Lakini magonjwa mengine hayakungoja. Tangu mwanzo wa 2019, ndani ya mwaka mmoja tu, surua iliua watu zaidi ya 6,000 inchini, wengi wao watoto. Ebola yenyewe iliua zaidi ya 2,200. Aliyebaki kituoni kutunza watoto wa surua hakupata malipo kama ya mwenzake wa riposti, hata kama usiku wake ulikuwa mrefu vilevile. Tena raia walipoona magari na makuta, wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara. Primi ilivuta watu, ni kweli. Iliwavuta mahali ilipo.

Wakubwa wa kazi hupenda kusema kwamba bila primi mfanyakazi hana moyo. Wanasahau kwamba katika Kongo primi mara nyingi si nyongeza. Ni chakula cha nyumba. Walimu wanajua hilo: miaka mingi wazazi ndio waliwalipa, na pesa ile iliitwa primi ya motivasioni, mpaka masomo ya msingi yalipofanywa ya bure Septemba 2019. Walimu wa majimbo mengi walipogoma mwanzoni mwa masomo, Septemba 2024, walidai mshahara unaofaa.

Mtu aliyelipwa vizuri na kwa wakati, ukimpa zawadi kwa kazi ya ziada, atafurahi na ataongeza bidii. Mwenye njaa ataichukua kama deni lililochelewa.

Leo kuna wauguzi wenye matrikule wanaopokea primi ya hatari peke yake, na wengine hawapokei hata hiyo. Kabla ya kuunda primi nyingine yenye jina jipya, serikali iwaingize hao kwenye orodha ya mshahara.