Bustani ya Dirishani: Mbuyu Uliolala

Mwaka jana safu hii ilikuwa ya mchicha na kotmiri. Mwaka huu nimeombwa na zaidi ya nyumba moja niandike juu ya miti midogo ya vyungu, ile Wajapani waiitayo bonsai, na hasa namna ya kuivusha majira ya baridi. Ombi naliona ni la haki, maana kila ifikapo Machi huviona vyungu vimewekwa kando ya mifuko ya taka katika barabara zetu za Saint-Josse, na nikikwaruza gome kwa ukucha, mara nyingi chini yake kuna ubichi.

Bonsai si mti wa aina ndogo. Ni mti wa kawaida uliopandwa katika chombo kipana kisicho na kina, ukakatwa matawi na mizizi kwa nyakati zake. Sanaa hiyo Wajapani waliipata Uchina. Basi ukiwa nao, swali la kwanza si umwagilie mara ngapi. Swali ni: mti huu kwao ni wapi? Ukijua kwao, mengine yote yanafuata.

Miti ya nchi za baridi, kama msonobari, mreteni na ule érable wa Kijapani wenye majani ya umbo la vidole, haitaki kuingizwa sebuleni. Wenzetu huiona uchi kwenye roshani, huruma ikawashika, wakaileta karibu na shofaji. Hiyo ni huruma ya kuua. Miti hii huhitaji majuma mengi ya baridi ili ipumzike na kuchipua sawasawa. Ukiinyima usingizi huo hudhoofika, na baada ya mwaka mmoja au miwili hufa.

Lakini nayo ina udhaifu wake, nao ni mizizi. Ardhini mizizi hufunikwa na udongo mwingi. Katika chungu chembamba jalidi huingia kila upande. Kwa hiyo uteremshe mti kutoka mezani, uuweke sakafuni ukiegemea ukuta wa nyumba, chungu ukizungushie gunia au ukitie ndani ya sanduku lililojaa majani makavu. Ondoa kisahani cha chini, maji yasije yakaganda na kukipasua chungu. Ukinge na upepo pia. Msonobari na mreteni hubaki na majani, na majani hupoteza maji hata wakati udongo umeganda na mizizi haiwezi kunywa. Mti huweza kufa kwa kiu katikati ya theluji! Mwagilia kidogo adhuhuri, siku ambayo udongo haukuganda.

Asiye na roshani, na wengi wetu hatuna katika nyumba hizi nyembamba, anaweza kuuweka mti uliopukutika majani katika chumba baridi chini ya nyumba. Usio na majani hauhitaji mwanga mpaka vichipukizi vianze kuvimba. Wenyeji husimulia kwamba ile mboga nyeupe ya chicon ilianza kukuzwa namna hiyo, gizani, katika vyumba vya chini vya bustani ya mimea iliyo hapa hapa kwetu, Rue Royale. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1829, na jumba lake la vioo lilijengwa kuhifadhi mimea ya nchi za joto. Mimea ilikwisha hamishiwa Meise, na tangu 1984 jumba la Botanique ni nyumba ya muziki na sanaa. Mimi nikipita hutazama vioo tu. Waliolijenga walijua kuwa mgeni wa nchi ya joto huhitaji mwanga kama ahitajivyo moto.

Hapo ndipo penye tabu ya miti ya kwetu. Desemba hapa Brussels jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni, nalo ni dhaifu. Ile ficus ya madukani, ambayo ni ndugu wa mkuyu, pamoja na mkwaju uliooteshwa kwa mbegu za jikoni, iwekwe kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote, penye nyuzi 15 au zaidi, majani yasiguse kioo, wala chungu kisikae juu ya shofaji. Hewa kavu hukaribisha utitiri. Basi weka chini yake sinia la kokoto na maji, ila chungu kisimame juu ya kokoto, kisizame. Maji upunguze, mbolea uache mpaka Machi.

Mbuyu ni habari nyingine. Mama mmoja wa jumuiya yetu, Mungu amrehemu, aliotesha mbuyu kwa mbegu za mabuyu aliyoletewa kutoka Mombasa, akaulea dirishani miaka 19. Alifariki mwezi wa Oktoba. Novemba mbuyu ukapukutika wote, na wanawe wakaona umemfuata mama yao. Mmoja alikuwa akiumwagilia kila siku huku analia. Niliitwa niutazame kabla haujatupwa. Shina lilikuwa gumu, na chini ya gome palikuwa na kijani. Niliwaambia waache maji kabisa. Mbuyu kwao hupukutika wakati wa kiangazi na kukaa kimya ukila akiba ya shina lake. Ukiunywesha usingizini mizizi huoza, na hapo shina hulegea kama papai bovu. Ulikaa mkavu, penye joto, hadi mwisho wa Aprili. Majani ya kwanza yalitoka Mei. Binti yake wa mwisho ndiye anayeutunza sasa, na sehemu kubwa ya maelezo haya niliyaandika kwanza kwa ajili yake.

Waya za kuelekeza matawi zikaguliwe sasa, zisije zikazama kwenye gome. Kubadilisha udongo: miti ya huku ni Februari au Machi, vichipukizi vinapovimba, ya kwetu ingoje joto la Mei au Juni.

Na kutoa nje ya kwetu kusifanywe kwa furaha ya jua la Aprili. Wakulima wa hapa huwangoja wale wanaowaita watakatifu wa barafu, tarehe 11, 12 na 13 Mei, kwani jalidi ya mwisho huweza kuja hadi siku hizo.

Wanaosafiri Desemba wamwachie jirani maagizo kwa maandishi, na kwenye chungu cha mbuyu wabandike karatasi: usimwagilie. Jirani mwema asiyeambiwa atamwagilia kila asubuhi.