Geti la Rimoti, Mama Anabebwa Mlangoni

Kuna klipu ya mjengo mpya kule Muleba imewasha moto Insta. Mwenye nyumba ni maarufu, jina kapuni. Geti linafunguka lenyewe, gari linaingia taratibu, drone inapaa juu ya migomba, makopakopa yanamiminika. Kila kitu kiko poa mpaka sekunde za mwisho: mama mzazi, aliyeko kwenye kiti cha magurudumu, ananyanyuliwa na vijana wawili kupandishwa ngazi tatu za baraza, na wa tatu anausukuma mlango kwa bega ili kiti kipite.

Hapo timu zikagawanyika. Wengi wakasema heri tumbo lililomzaa mtoto huyo. Mmoja akauliza: kwani hela ya mota ya geti isingefika hadi mlango wa mama? Akaogeshwa matusi, akaitwa mwenye wivu. Lakini swali lake halijajibiwa mpaka leo.

Kujenga kwenye kibanja cha ukoo ni heshima kubwa kwa Mhaya, na hakuna wa kuicheka. Ila geti lile mwenyewe analipita Desemba na siku za msiba. Mlango wa ndani mama anaupita kila siku, mara kumi na zaidi: chooni, jikoni, barazani kuota jua. Sasa nani alihitaji mota zaidi?

Watetezi wanasema kubebwa na wajukuu nako ni heshima. Siku ya sherehe, sawa. Saa tisa usiku mtu anataka choo na wajukuu wamelala, hiyo inaitwa kusubiri. Na mtu mzima akisubiri sana, yanayofuata yanamwondolea heshima yote iliyopigwa picha mchana.

Shida ni kwamba mlango wa umeme unachaguliwa kwa jicho la kamera. Watu wanaona milango ya vioo ya benki na hoteli, inayofunguka ukisogea tu, wanataka ileile. Nyumbani Muleba kuna kuku, kuna mbuzi, kuna majani ya mgomba yanayopungia upepo, na sensa haijui nani ni mama na nani ni mbuzi. Halafu Novemba ifike, taa ya baraza iwashwe, senene waje. Mlango unafunguka na kufunga usiku kucha, na asubuhi chumba kizima ni cha kukaanga.

Kwa nyumba ya kuishi, kitufe kinaishinda sensa. Kiwe kikubwa, cha kubonyezwa hata kwa kiwiko, kwenye kimo cha mtu aliyekaa, pembeni ambako mlango ukifunguka hautakigonga kiti. Mota iwe ya mwendo wa pole, ikigusa mtu isimame, na imsubiri anayepita polepole. Rimoti iwepo, lakini ikae kwa mhusika. Ikiwa mfukoni mwa dada wa kazi aliyekwenda sokoni, mlango huo hauna tofauti na wa mahabusu.

Umeme nao. Kagera kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa Uganda, na mkazi yeyote wa Bukoba anajua maana ya giza la ghafla. Mota bila betri ya akiba ni pambo. Hata betri ikiisha, mlango lazima ukubali kusukumwa kwa mkono, tena mkono dhaifu. Dukani mnunuzi aombe wazime umeme, ausukume mwenyewe akiwa ameketi, aone. Mji wenye mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka una radi za kutosha kuunguza kila kifaa kisicho na kinga, na mbao zinazovimba mpaka mota ndogo inashindwa. Na fundi akiwa lazima avuke ziwa kutoka Mwanza, mama atakaa siku ngapi ndani?

Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ya Bukoba ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9, hakukuwa na muda wa kuita vijana wawili wa kubeba.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inadai majengo ya umma yafikike. Sebuleni kwa mtu hakuna mkaguzi, ni akili ya mwenye nyumba tu. Na akili hiyo ianze kabla ya mota, maana mota haipanui mlango. Kiti kinataka nafasi wazi ya sentimita 80 na zaidi, wakati milango ya vyoo vyetu mingi hata 70 haifiki. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinadai njia ya mteremko ya mita tano na nusu hivi. Hela ya drone ingemwaga zege hilo.

Bukoba mjini kuna dada muuza vitenge, hana wafuasi wala tiki ya bluu. Baba yake alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Hakuweka mota kila mahali. Choo alimwita fundi alumini, akafunga mlango wa kuteleza kwenye reli, mwepesi, wa mkono. Kizingiti kikang'olewa. Mota akaiweka mlango wa mbele tu, na kitufe karibu na kiti cha mzee.

Siku hizi saa kumi na mbili asubuhi mzee yuko barazani peke yake, redio mapajani, anatafuna kahawa. Majirani wanaopita kwenda kazini wanapewa habari zote kabla dada hajaamka. Juzi alimkosa hata barazani, akamkuta kwa jirani, anabishana mpira.